Miji ya Ufipa Niliyomtembeza Baba Mkwe

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na sita, ndipo taabu zangu zilipoanza. Walikuja watu wa operesheni wakatuhamisha bondeni kwetu, wakatupanga mistari mistari kama mahindi, wakasema hiki sasa ni kijiji cha ujamaa. Baba alibeba mlango, mama akabeba kuku na chungu cha pombe. Ulezi tuliuacha shambani haujavunwa, ukaliwa na ndege. Shule nilishaiacha darasa la tatu, kwa hiyo hapakuwa na cha kunizuia. Nikadandia lori la mahindi nikawa utingo.

Nasema haya kwa sababu siku hizi vijana wanakuja na simu zao: “Shikamoo mzee, eti Ufipa kuna miji gani ya kutembelea?” Wamemuuliza anayejua. Katika miji hiyo yote nimelala juu ya magunia. Na ni miji hiyohiyo iliyokaribia kuninyima mke.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilimpenda binti mmoja Mbeya. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mzee wa kanisa, mnene, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Nilimtuma dereva wangu awe mshenga. Mzee akamjibu: “Ufipa? Kwa watu wanaotuma radi kama barua? Binti yangu hakanyagi huko mpaka nchi yenyewe niione kwa macho.”

“Basi aje aione,” nikasema.

Akaja kweli. Alikaa mbele na dereva, mimi juu ya mzigo. Alivaa gambuti, eti radi haipiti kwenye mpira. Ilikuwa kiangazi, mbingu haina hata wingu, lakini gambuti hazikutoka miguuni safari nzima.

Alikuwa na kipimo kimoja tu cha mji. “Mji ni sukari,” alisema. “Usipokuwa na sukari si mji, ni mahali pa kupumzisha lori.” Miaka ile ya uhaba hata mimi sikuweza kumbishia.

Tulianza Laela. Kuna upepo pale unaoweza kukuvua kofia ukamvalisha mwingine. Tuliposhuka, watu wakafanya kama Wafipa wanavyofanya mgeni akija: wakachutama, wakapiga makofi taratibu, wakaanza kuuliza habari za nyumbani. Kwetu hiyo ndiyo salamu. Jirani aliyetoka kisimani anaipata, sembuse mgeni.

Mzee wangu hakuchutama. Alinyoosha kidole juu. “Asanteni sana, wananchi! Kidumu Chama!”

Watu wangefanyaje? Wakaitika, “Kidumu!”

Basi akawahutubia. Alisema juu ya kilimo bora, akasema juu ya usafi wa vyoo. Hotuba ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Alipomaliza akauliza, “Na sukari, ipo?”

Hebu mwangalie kwa macho yao. Mtu mnene asiyejulikana, gambuti kiangazi, hotuba ya vyoo, halafu anaulizia sukari. Huyo ni mkaguzi. Milango ya maduka ilifungwa hata kabla hajashusha kidole.

Sumbawanga ikawa hivyohivyo. Mji umekaa vizuri chini ya milima ya Mbizi, sokoni maharage ya kila rangi, nyumba za tofali, na maofisini wamejaa watu wa kwao Mbeya. Akapanda juu ya gunia katikati ya soko akahutubia tena. Sukari ikapotea, na nadhani hata chumvi iliogopa. Nilitaka kusema, dereva akanikanyaga mguu. Mkwe hakosolewi.

Njiani kwenda Matai tulisimama kupoza injini, akaniambia, “Kijana, watu wa kwenu wananipenda mno. Ningekuwa kwetu Mbeya wananishangilia hivi, ningegombea.” Halafu akashusha pumzi. “Lakini maduka matupu. Binti yangu anywe chai ya chumvi? Nchi nimeiona, inatosha. Nirudishe Mbeya. Posa yako nayo tuiache.”

Hapo sikumwangalia dereva tena.

“Baba, hawakushangilii. Wanakusalimia. Hata mimi utingo napigiwa hayohayo makofi.”

“Hawanishangilii?”

“Hapana.”

“Hata Laela?”

“Hata Laela.”

“Na ile ya vyoo?”

“Ile ndiyo iliyotuharibia. Wamedhani umetumwa na mkoa. Sukari yote iko chini ya vitanda.”

Akapanda mbele akaubamiza mlango; lori lilikuwa na mzigo wa Matai, likaendelea. Mimi nikajua mke sina.

Matai habari za mkaguzi zilishatutangulia. Mbele ya kiduka kimoja alitoka bibi mwenye duka, akachutama, akaanza makofi. Mzee akanitazama kwa hasira kama mtu anayesema, haya, tuone. Akaanza kuchutama. Gambuti zikalia. Akafika chini, akapiga makofi ya haraka haraka.

“Polepole, baba,” nikamnong’oneza, “si kwaya.”

Bibi akauliza habari za mke, za watoto, za migomba, za ng’ombe, za ng’ombe wa jirani. Mzee akajibu zote. Zilipokwisha, miguu ilishakufa ganzi. Akajaribu kusimama, wapi. Dereva akashika mkono huu, mimi ule, tukamvuta; akatoka yeye, gambuti moja ikabaki.

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. “Mkaguzi gani huyu hata kusimama hawezi! Ingia ndani, baba, unywe chai.”

Chai ilikuwa tamu, kijiko karibu kisimame.

“Mama, sukari hii imetoka wapi?” mzee akauliza.

“Kunywa, baba.”

Akanywa.

Tangu hapo ikawa kazi kumsimamisha. Kesho yake Kasesya, mpakani, enzi hizo nyumba chache na kizuizi cha mti, alimchutamia hadi askari wa forodha. Askari alikuwa mtu wa Musoma, akadhani mzee tumbo limembana, akamkimbilia na maji.

Hukumu aliitoa tuliporudi Sumbawanga, dereva akiwa shahidi. “Laela kuna baridi. Kasesya watamfundisha binti yangu ulanguzi. Matai nitakwenda mwenyewe nikitaka chai. Mtakaa hapa mjini, kule Katandala. Na siku nikija, wewe Mfipa, unisalimie umechutama. Nikikukuta umesimama, binti narudi naye.”

Tulifunga ndoa kabla ya mvua. Hakunikuta nimesimama hata siku moja.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Katandala, vyumba sita. Nina nyumba ya kupangisha, milango minne. Nina shamba la mahindi na ulezi njia ya kwenda Matai, ng’ombe kumi na wawili, mashine moja ya kusaga, na pikipiki mbili wanazoendesha wajukuu. Nina mke mmoja.