Njia Inayopita kwa Mama Mkwe

Ukitaka kukimbia milima ya Iveti, usimwamini mtu anayekwambia kuna njia moja. Kuna barabara ya msitu inayopanda kutoka upande wa mji wa Machakos, pana, ya murram, yenye mikaratusi kushoto na kulia. Hiyo ndiyo wanayoipenda vijana wanaotoka Nairobi wikendi na mifuko ya maji mgongoni. Kuna njia ya ng'ombe inayofuata mgongo wa mlima mpaka kwenye mawe, na ukiteleza hapo utajua kwa nini ng'ombe alipewa miguu minne. Halafu kuna ile ninayoipenda mimi: unapanda na msitu, unavuka mgongo, unashuka kwenye matuta ya fanya juu, yale yenye mtaro wa kuzuia maji chini yake, shamba baada ya shamba, kisha unarudi mjini kwa chini. Ina kivuli, na mbwa wake ni wa maneno tu. Kasoro yake ni moja. Inapita nyuma ya boma la mama mkwe wangu.

Kwa asiye Mkamba, kasoro hiyo itaonekana ndogo. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni haya na heshima kwa pamoja: mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hutoka njiani mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wengine hata hupigwa picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mama mkwe wangu hakulegeza. Ni mtu wa kanisa na kwaya ya akina mama, lakini alisema nthoni haijakatazwa popote katika Biblia yake. Tangu nimwoe binti yake tulikuwa hatujaambiana lolote zaidi ya salamu, tena salamu zenyewe zikipitia ukutani.

Kukimbia nilianza nikiwa na mvi. Nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na kwa miaka mingi mazoezi yangu yalikuwa kunyanyua kikombe cha chai. Daktari alinipima sukari, akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniuliza kama ninaipenda miguu yangu. Nikasema ninaipenda sana. "Basi itumie," akasema.

Huku kwetu mtu wa umri wangu hakimbii bure. Siku za mwanzo nilisimamishwa kila kona. "Kwani ni nani amekufa?" aliuliza mama mmoja, jembe limebaki hewani. Mzee mwingine alichukua rungu akanifuata, akidhani mbele yangu kuna mwizi, na alipojua hakuna mwizi alikasirika kweli. "Mwenda pole hajikwai!" alinipigia kelele. Isitoshe, kumpita mtu bila kumsalimu ni matusi, kwa hiyo mbio zangu ni za kusimama. "Wi museo?" "Ni museo." Unauliza mvua, unauliza watoto, unaulizwa bei ya mabati, na jasho linakukaukia mgongoni.

Siku ya kwanza kukutana na mama mkwe mlimani nilikuwa nashuka kwa kasi, nimevaa kaptura ya bluu, mapaja yote nje. Akatokea kwenye kona na jerikeni la maji mgongoni. Mwenye mzigo hawezi kurukia kando, kwa hiyo aliyepaswa kutoka njiani ni mimi, nami nikajitupa kwenye mihindi. Mvua ilikuwa changa na mihindi ilinifika magotini tu. Nilichuchumaa mle kama kuku anayetaga. Alipita polepole, uso ameugeuzia upande wa pili, na chini ya leso nikamsikia akiyaambia matuta kwamba siku hizi kuna watu wananunua suruali nusu.

Tangu hapo nilikimbia na suruali ndefu nimeifunga kiunoni. Nikikaribia boma naivaa juu ya kaptura, napita kwa adabu, na nikishafika upande wa pili naivua. Ukicheka, cheka; nami nilicheka.

Baba mkwe alipofariki, mama alibaki peke yake pale juu, yeye na ng'ombe mmoja na mbuzi wake. Simu alikuwa nayo, lakini aliizima ili chaji isiishe, akaifunga kwenye leso na kuiwasha Jumapili baada ya ibada. Mke wangu hakuwa na raha. Ndipo mbio zangu zikapata kazi nyingine. Nikirudi, kabla hata sijavua viatu, ananiuliza, "Moshi ulikuwepo?" Moshi ukionekana juu ya jikoni, mama ameamka. Nasema ulikuwepo, naye anapumua, anaenda kazini.

Asubuhi moja haukuwepo. Nilisimama nyuma ya ua nikatazama tena. Kuku walikuwa bado wamefungiwa, ng'ombe analia kwa kiwele kilichojaa. Nikapiga hodi mara nyingi kuliko inavyotakiwa, kisha nikaingia mahali ambapo mkwe haingii, suruali bado ikiwa kiunoni wala siikumbuki. Nilimpata nyuma ya zizi la mbuzi, ndani ya mtaro wa fanya juu, gunia mabegani, mguu mmoja umevimba. Alianguka jioni akimfuata mbuzi, na usiku wote wa baridi aliumaliza mle.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, mwaitu," nikasema, kama tunavyomwita mama.

"Wewe nani?"

"Bwana ya binti yako."

Kisha akasema, "Geuka."

Nikageuka. Nilimsikia akijifunga leso upya, polepole, kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Hakuna mtu mwingine?"

"Majirani wote wameenda soko."

"Ita tena."

Nikaita tena. Mbwa ndiye aliyejibu.

"Mwaitu, nikushike nikutoe?"

"Hapana. Leta jembe."

Jembe lilikuwa limeegemezwa zizini. Nilimpa mgongo, nikashika upande wa chuma, yeye akashika mpini kwa mikono miwili, na hivyo ndivyo nilivyomtoa mtaroni na kumfikisha barazani, jembe likiwa katikati yetu, bila kugusana. Njiani alisema maneno matatu tu: "Mimi si punda." Nikapunguza mwendo. Nilishamwona akiwa maiti nilipochungulia ule mtaro, na mpaka leo nikipita pale moyo hunienda mbio kuliko miguu.

Boda boda ilimpeleka hospitali, akafungwa plasta. Aliyeumia zaidi alikuwa mke wangu. "Mama amelala kwa mtaro na mimi niko kwa blanketi," alisema, akarudia, akarudia.

Watoto wa mama wakakutana kwake juu kuamua. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi kiwandani Athi River, na nyumba yake ni ya ghorofa ya tatu karibu na Mombasa Road, malori yakinguruma usiku kucha. Alitaka kumchukua. Nisimseme vibaya, ni mtu mwema, na siku hiyo ukweli ulikuwa upande wake. "Simu ikitoka huku naogopa kuishika," alisema. "Mama ataanguka tena, na hakutakuwa na mtu."

Mama alikuwa chumbani, mlango umerudishwa, anasikia yote. Sote tulijua akienda Athi River hatarudi. Ng'ombe atauzwa, shamba litaota magugu, naye atakaa kwenye kiti karibu na dirisha akitazama nguo za watu zilizoanikwa. Mkwe hana sauti katika kikao cha namna hiyo. Hukaa barazani, hunywa chai, husema ni sawa. Sijui ni nini kilichonisimamisha.

"Mimi niko na njia yangu inapita hapa," nikasema. "Nitapita kila asubuhi. Nikiona kuna shida, nitaingia, kama nilivyoingia."

Shemeji alinitazama kwa upole. "Asante, shemeji. Na siku wewe hutapita?"

Nilitafuta jibu kwenye kikombe cha chai nikalikosa. Kisha fimbo ikagonga sakafu chumbani na sauti ya mama ikasema, "Mpaka mavuno. Nikianguka tena, nitaingia kwa gari mwenyewe bila kusukumwa." Ikakubaliwa hivyo, shingo upande.

Basi nikawa mkimbiaji wa kweli. Nilikimbia kwenye ukungu na kwenye tope jekundu linaloganda kwenye viatu mpaka unabeba shamba la mtu nyumbani. Nilikimbia siku ambazo magoti yalinisihi. Sukari ilishuka bila mimi kuijali, daktari akafurahi akadhani ni kwa ajili yake. Vijana wa Nairobi walinikuta mlimani wakaniuliza najiandaa kwa mashindano gani, nikashindwa pa kuanzia. Plasta ilitolewa, mama akaanza kutembea na fimbo. Nikipita namwona ameinama kwenye maharagwe, mgongo amenipa, hanitazami, simtazami. Sikujua kama hata anahesabu kupita kwangu.

Kisha homa ikanishika. Siyo mafua, homa yenyewe, ya kutikisa kitanda. Kulipokucha nilijaribu kusimama nikaanguka juu ya viatu vyangu. Mke wangu alinirudisha kitandani, akapiga simu ya mama, imezimwa kama kawaida. "Siku moja tu," alisema. "Mchana nitatuma mtu aende." Lakini nilimwona anavyokwenda na kurudi dirishani, na swali la shemeji lilikuwa limekaa nasi mle chumbani.

Jua lilikuwa limeshapanda sana niliposikia geti likigongwa. Mke wangu akatoka. Halafu nikasikia sauti ambayo miaka yote niliisikia kupitia ukuta.

"Leo hakupita," ilisema. "Ako hai?"

Alikuwa ameshuka mlima kwa ule mguu, na fimbo, akifuata njia yangu ya chini mpaka barabarani, akasimamisha boda boda. Alikuwa amechungulia mitaro yote njiani, alimwambia binti yake, na kila aliyekutana naye alimuuliza kama ameona mtu aliyefunga suruali kiunoni. Kuingia ndani alikataa, kwa kuwa nilikuwa kitandani. Akapewa kiti nje, chini ya dirisha la chumba chetu, akakikalia ameupa ukuta mgongo.

Kutoka pale akaanza kuniuguza. Mke wangu alikuwa akienda na kurudi.

"Mama anauliza umekula nini."

"Mwambie sijaweza."

Akatoka, akarudi. "Amesema uji. Amesema usiwe na sukari."

Uji ukaletwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kijana, na tangu hapo nimependwa, sina malalamiko. Nina mke, nina watoto wanaopiga simu, nina wateja wanaonitafuta saruji ikipanda bei. Lakini mtu wa kushuka mlima kwa sababu sikupita, huyo sikujua bado ninaye. Nililia, mtu mzima, kikombe mkononi, na sikujificha. Mlangoni mke wangu alikuwa amempata kaka yake kwenye simu. "Uliuliza siku hatapita itakuwa aje," alikuwa akimwambia. "Sasa sikiza. Mama ako hapa kwangu. Amekuja kumtafuta."

Alipokata simu, sauti ikaja dirishani.

"Amemaliza?"

Mke wangu akachungulia kikombe changu. "Bado kidogo, mama."

"Basi nangoja."