Samaki Aliyenivusha Jiwe

Nawasimulia huku nacheka, ila jamani, mtu akiitaja Kapalamsenga, kijiji cha kando ya ziwa, natamani ardhi inifiche, maana kule kuna akina mama waliowahi kunikimbia wakiwa na sabuni mwilini, na mwenzao mmoja ndiye aliyemzaa mchumba wangu Yusta.

Nilitoka Mpanda kwenda kujitambulisha ukweni. Ningetulia kusubiri jioni, yasingenikuta. Lakini rafiki yangu Sadiki wa hapo kijijini, ambaye kazi yake ni kuzamia na mtungi wa hewa kukamata samaki wa mapambo, akasema kuna mmoja anamtafuta tangu masika na huambulia kuona mkia tu, na mimi (kimbelembele changu mnakijua, na alishanifundisha kuzamia kidogo) nikasema twende wote.

"Kaka, lile jiwe kubwa usilivuke," alinionya. "Upande wa pili akina mama wanaoga."

Chini kimya, nasikia pumzi zangu tu. Sadiki anachungulia mapango, mimi ndiye niliyemwona huyo samaki: mweusi, ametulia, ananitazama. Nikasogea, akarudi nyuma kidogo akanisubiri, nikasogea tena, na ndivyo alivyonivusha lile jiwe. Pembeni yake vilielea visamaki vidogo vingi, vyote vimenielekea. Akafungua mdomo, vikaingia kimoja kimoja, akafunga, akaendelea kunitazama. (Baadaye niliambiwa wapo samaki wa ziwa lile wanaoficha watoto mdomoni, ila saa ile nani angeniambia?)

Nilipiga mateke nikaibuka, nguo nyeusi ya kuzamia, miwani usoni, mpira wa hewa mdomoni, katikati ya wanaooga. Wakapiga yowe wakakimbia hivyo hivyo walivyo, isipokuwa mmoja, akajifunika kanga akaniangalia. Nikamtambua kwa picha alizonionyesha Yusta, na kwa kuchanganyikiwa nikavua miwani na mpira nikautoa mdomoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akachukua ndoo yake akaondoka.

Jioni wazee walinitoza mbuzi, hilo nililitegemea. Mama mkwe alikataa kutoka chumbani (nani angemlaumu), akaniuliza kutoka nyuma ya pazia:

"Wale watoto walikuwa wanatoka au wanaingia?"

Habari za samaki nilikuwa sijamwambia mtu, hata Sadiki.

"Wanaingia, mama."

Hapo Yusta akaanza kulia. Kisha mama akasema harusi isubiri kwanza, na sababu hajaisema hadi leo.

Nimeapa mtungi sivai tena, na nyie mkienda ukweni kaeni kwenye kiti mlichopewa. Yusta bado ananipigia. Tunaongea mambo yote, ila watoto hatuwataji.