Nilipotafuta Karatasi ya Bangi

Mwaka ule baba alipougua saratani ya koo, mimi niligeuka mtu wa kuuliza maswali ambayo hayaulizwi. Nina duka la dawa za mifugo na vyakula vya kuku hapa Kitengela, na nimezoea kuulizwa, si kuuliza. Mtu anaingia, anasema ng'ombe wake ana kikohozi, nami namuuliza anakula, anakunywa, kinyesi kikoje, kisha namtolea dawa na kumwambia asiuze maziwa mpaka siku zipite. Leseni yangu imetundikwa ukutani juu ya kaunta, ndani ya fremu. Baba ndiye aliyeinunua ile fremu.

Huyo baba kwake karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia sukari. Alikuwepo wakati ranchi ya kikundi, ile ardhi ya wote, ilipokatwa vipande, akaona watu wazima wakilia kwa sababu walipewa ardhi kwa mdomo na wakanyang'anywa kwa mdomo. Yeye alikaa kwenye ofisi za ardhi Kajiado mpaka makarani wakamjua kwa fimbo yake, na akatoka na hati. Kipande chake kiko upande wa ndani wa Isinya, pale ambapo siku hizi kila ukigeuka unaona vigingi vya ploti. Hajawahi kuuza hata hatua moja, na hilo hukukumbusha usipouliza.

Ugonjwa ulipomshika, chakula kikaanza kukataa kushuka. Tulikuwa tunampeleka Nairobi kwa matibabu, anarudi akiwa ametapika mpaka amekauka, na kikombe cha maziwa kinakaa mbele yake tangu asubuhi hadi kinaganda. Kilichonikera zaidi ni kwamba hakulalamika. Alikuwa anakaza taya tu. Ukimwona taya linacheza, ujue mambo ni mabaya. Mimi sina subira ya kumwona mtu akiumwa kimya, hata ng'ombe siwezi.

Habari ya bangi ililetwa na binamu yangu ambaye anauguza wazee Amerika. Nilimlilia kwenye simu kwamba baba hali, akanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Akasema huko kwenye jimbo lake kuna mzee anayemuuguza mwenye ugonjwa kama ule, na anatumia mafuta ya bangi, anapata hamu ya kula, kichefuchefu kimepungua. Nikadhani anatania. Binamu yangu huyu ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa letu, na hata harufu ya sigara ilikuwa inamfanya ahame kiti.

Nikampigia nikamtaka anieleze kwa utaratibu. Akaeleza. Mgonjwa anaenda kwa daktari aliyeruhusiwa kushughulikia mambo hayo. Daktari anasoma historia yake ya matibabu na kuangalia kama ugonjwa wake uko miongoni mwa yale yaliyokubaliwa na sheria ya jimbo. Akiridhika, anathibitisha kwa maandishi. Mgonjwa anajiandikisha serikalini, anapewa kadi, na kwa kadi hiyo anaingia duka lenye leseni ananunua mchana kweupe. Kadi ina mwisho wake, lazima aombe nyingine. Kila jimbo lina sheria zake, akanionya, na ukivuka mpaka na mzigo wako unaweza kujikuta pabaya.

"Na kama mgonjwa hawezi kwenda dukani?" nikamuuliza.

"Anayemuuguza pia anaandikishwa. Mimi niko na kadi yangu, iko na picha yangu."

Nilicheka sana kusikia kiongozi wa kwaya ana kadi ya bangi. Lakini baada ya kukata simu nikakaa nafikiri. Mimi nauza dawa ambazo zingemuua mtu akizinywa, na serikali imenipa cheti cha kuziuza. Kwa nini jani moja liwe dawa upande mmoja wa dunia na jela upande mwingine? Nilitaka kujua, si kwa ajili ya baba peke yake. Kitu kikinikaa kichwani namna hiyo silali mpaka nikijue.

Jumapili nikaenda Isinya. Nikainamisha kichwa, baba akanigusa utosini kwa kiganja kama anavyofanya tangu nikiwa mtoto, na kiganja kilikuwa chepesi mno.

"Takwenya, nakerai," akanisalimia kwa Kimaa, akiniita mwanawe.

"Iko, Papa," nikaitikia.

Nikamsimulia yote. Nilidhani atanifukuza. Mzee wa kanisa, anaambiwa bangi na binti yake. Badala yake akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo anayebeba pia anapewa karatasi?"

"Huko Amerika, ndiyo."

"Basi tafuta hiyo karatasi hapa. Bila karatasi, usiniletee hiyo kitu kwa hii boma."

Nikajua ni yale yale ya muhuri. Nikakasirika kidogo, maana nilikuwa nimeshafanya utafiti wa upande wa pili. Mteja wangu mmoja anayechonga mawe kule kwenye machimbo, ambaye hununua chakula cha kuku kila mwisho wa wiki, alinisikia nikizungumza kwenye simu akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hiyo kitu usisumbuke. Iko tu. Wewe sema." Ingekuwa rahisi hivyo. Nilipomwambia baba kwamba inapatikana, alinitazama tu, taya likacheza, na mazungumzo yakaisha.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta karatasi. Nilianza kwa mtu wa duka la dawa za binadamu, jirani yangu, ambaye tunagawana umeme. Akasema hajawahi kuona cheti kama hicho wala kusikia mgonjwa wa hapa aliyenacho, na akaniomba nisiliseme jina la hiyo kitu mbele ya wateja. Nikaona nimuulize mwenye kazi yake. Nikaenda kituo cha polisi.

Askari aliyekuwa kwenye kaunta alikuwa kijana mpole, anakunywa chai. Nikamsalimia nikamuuliza: ikiwa mgonjwa wa saratani ana barua ya daktari inayosema bangi itamsaidia, na mimi ndiye ninayembebea, mtanishika?

Akaweka kikombe chini. "Uko nayo?"

"Sina. Ningekuwa nayo ningekuja hapa?"

Akafikiri. Akamwita mwenzake kutoka ndani, nikalirudia swali lote mbele yao wawili. Wakatazamana. Yule mwenzake ndiye aliyejibu, na namshukuru kwamba hakunizungusha. "Mama, pole kwa mzee. Lakini nikikupata nayo nitakushika. Hiyo barua utaonyesha hakimu. Kama hakimu ataisoma, hiyo ni yake."

"Kwa hivyo mgonjwa atabaki nyumbani na mimi nitakuwa ndani?"

"Wewe ndio umebeba," akasema.

Nilitoka pale nikicheka, na wiki ile nikamsimulia baba kama kichekesho, jinsi yule kijana alivyoweka kikombe chini na jinsi walivyotazamana. Niliiga hata sauti zao. Baba hakucheka. Akaniambia, "Usirudi kuuliza hao watu tena." Nikadhani amechoka. Siku hiyo maziwa hayakupungua hata kidogo, na alipoinuka kwenda kulala alijishika ukutani.

Hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nimeufurahia ule utafutaji, nisiseme uongo, ulinipa kitu cha kufanya na cha kusimulia. Sasa niliona kwamba mtu anakufa njaa huku akivumilia maumivu, na mimi naokota majibu ya kuchekesha.

Nikaenda Kajiado kwa daktari ambaye baba hupitia kwake kati ya safari za Nairobi. Sikuzunguka. Nikamuuliza mgonjwa anapataje kuthibitishwa kutumia bangi kama dawa katika nchi hii. Akainuka akafunga mlango, kisha akarudi kukaa. Akasema hapa kwetu hakuna njia hiyo kwa mgonjwa wa kawaida. Hana fomu ya kujaza, hana mahali pa kumwelekeza, na akiniandikia barua atakuwa ananidanganya kwa muhuri wake. Hata huko inakoruhusiwa, akaongeza, wengine inawasaidia hamu ya kula na kichefuchefu, wengine haiwasaidii.

Kisha akafungua faili. "Lakini hebu nikuulize. Unataka ya kichefuchefu ama ya uchungu?"

"Zote mbili."

"Kwa sababu hapa kila mara nimemuuliza uchungu, amesema ni kidogo. Kichefuchefu naweza kubadilisha dawa leo. Uchungu, sijui ako na uchungu gani."

Nilitamani kujigonga kichwa mezani. Bila shaka alisema kidogo. Baba yangu alitahiriwa mbele ya watu wote bila kupepesa jicho, na tangu siku ile hakuna kisu kilichowahi kumwuma. Ukimkuta amevunjika mguu atasema umechubuka tu. Na sisi wanawe tulikuwa tunakaa nje ya chumba cha daktari kwa heshima, tukimwacha aongee mwenyewe.

Daktari akatuelekeza kwenye chumba kingine cha hospitali ile ile, ambako muuguzi mmoja anashughulikia maumivu ya wagonjwa wa aina ya baba. Nikakodi gari, Probox, nikamchukua mzee Isinya, na safari hii nikaingia naye mpaka ndani. Hakupenda, lakini hakuwa na nguvu za kunitoa.

Muuguzi, mwanamke wa makamo, alimsalimia kwa Kimaa kwanza, kisha akamweleza kwamba atapima uchungu kwa vidole. Ngumi ni hakuna uchungu, kiganja wazi ni uchungu usioweza kuzidi. Baba akatazama dirishani na kutoa ngumi, ngumi ya kijana kabisa, imekazwa mpaka mishipa imesimama.

Nikashindwa kunyamaza. "Papa, kama ungekuwa na ng'ombe ako hivi, hali, halali, anasimama amekaza meno, ungekuja kwa duka yangu kutafuta dawa?"

"Hapana," akasema. "Huyo ningekuwa nimechinja."

Muuguzi hakucheka, wala mimi. Akaushika mkono wa baba, akaufungua kidole kimoja kimoja mpaka ukawa wazi wote juu ya meza, na baba akamwacha. Nililia pale pale, mbele yake, jambo ambalo si adabu.

Dawa aliyotuletea ilikuwa morfini ya maji, ndani ya chupa ndogo. Nikamuuliza inatoka wapi, maana nisingeweza kutouliza. Akasema asili yake ni utomvu wa ua, na kwamba ni kali kuliko hiyo bangi niliyokuwa naitafuta, lakini hii sheria inaruhusu, kwa daktari na kwa daftari, na dawa ikibaki hurudishwa. Nilishangaa na bado nashangaa. Ua limepata muhuri, jani halijapata. Nilitaka kumuuliza nani alikaa akaamua hivyo, lakini alikuwa tayari anamimina kipimo cha kwanza kwenye kikombe kidogo.

Baba akaweka mkono juu ya kikombe. "Iko na karatasi?"

"Iko, mzee," muuguzi akasema, akamwonyesha barua yenye jina lake na jina la dawa.

"Na huyu anayebeba?"

Muuguzi akanitazama. Nikatoa kitambulisho. Akaandika chini ya jina la baba kwamba mimi ni binti yake, ndiye mwenye kumtunza, na ninaruhusiwa kuchukua dawa na kusafiri nayo. Akapiga muhuri. Baba hasomi vizuri, kwa hiyo akaniambia nimwonyeshe jina langu liko wapi. Nikaweka kidole. Naye akaweka chake kando ya changu.

"Muhuri imefika hapa?"

"Imefika, Papa. Imepanda juu ya jina."

"Na wakikusimamisha kwa barabara?"

"Nawaonyesha."

"Sawa." Ndipo akaondoa mkono juu ya kikombe. "Mimi wangenishika wanipeleke wapi? Nimeisha. Wewe uko na watoto, uko na ile leseni kwa ukuta."

Akanywa, akakunja uso kwa ladha chungu ya dawa. Wiki zote zile nilimwita mkaidi moyoni, na kumbe alikuwa amekaza taya kwa ajili yangu.

Tulirudi taratibu. Kabla hatujatoka mjini alishaanza kusinzia, na tulipofika karibu na Isinya alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, taya limelegea, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. Mbele kulikuwa na polisi wameweka kizuizi. Dereva akapunguza mwendo. Nikaitoa ile barua kwenye mkoba, nikaikunjua vizuri magotini, jina langu juu, nikashusha kioo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka sana askari aniulize nimebeba nini.

Hakuuliza. Alichungulia, akaona mzee amelala, akatupungia mkono tupite.