Mita Thelathini za Fundi Kenchi

Fundi Kenchi alikuwa mrefu na mwembamba, mabega yamepinda kwenda mbele kama ya mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Jina alipewa na mafundi wenzake. Kenchi ni ile fremu ya mbao inayobeba paa, nao walisema huyu bwana ukimlaza juu ya kuta mbili unaweza kumpigilia mabati na mwenye nyumba asijue kuna mtu ndani. Hakukasirika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameezeka maghala, madarasa, kumbi na nyumba za watu wenye haraka ya kuhamia, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuanguka hata kutoka juu ya banda la kuku.

Alianguka jikoni kwake. Alipanda juu ya stuli kubadilisha balbu, stuli ikateleza, goti likageukia upande ambao magoti hayageukii. Mtu aliyeshindana na upepo juu ya maghala akaangushwa na balbu! Mkewe alilia kwanza, akacheka baadaye, na Kenchi hakumsamehe kwa ule utaratibu. Daktari akapiga muhuri: mapaa basi.

Ukimkataza fundi paa asipande paa, umemwambia samaki ajaribu nchi kavu. Kenchi alikaa uani miezi mitatu akitazama kofia za mapaa ya majirani na kuzitukana kimoyomoyo. Hii imepigwa misumari na kipofu. Ile itavuja masika haijafika. Ndipo mdogo wake wa kike alipomletea boksi.

Mdogo wake huyu, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yao, tangu utotoni aliitwa Redio kwa sababu alianza kuzungumza akiwa na miezi tisa na hakuona sababu ya kuacha. Alikuwa karani katika mnara wa uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kuandika vijikaratasi vya safari, ndege gani inatoka wapi na inapita saa ngapi, na kuwapelekea waongozaji wa ndege waliokaa kwenye vioo. Kwa miaka tisa aliwaandikia wenzake vijikaratasi huku akitamani kiti chao.

"Fungua, kaka," alisema.

Ndani mlikuwa na droni, mabawa manne, ukubwa wa sahani ya wali.

"Macho yako yapande, miguu yako ikae. Nimeisajili kwa jina langu maana wewe fomu ya kurasa nne itakumaliza. Kwa hiyo ukiharibu, nimeharibu mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanamke wa serikali."

"Na huirushi kabla hujanipigia simu. Hata kama ni hapa uani."

Huo ukawa utaratibu wao. Kenchi alikuwa na ramani ya anga kwenye simu yake, ile yenye maeneo mekundu usipoingia kabisa, ya njano yenye masharti, na ya kijani, lakini kila akiifungua ilimtazama kama mtihani wa hesabu. Alipenda zaidi sauti ya mdogo wake.

"Mnara, mnara, huyu ni Kenchi."

"Sema Kenchi. Uko wapi?"

Akitaja mahali, Redio anafungua ramani, anasoma matangazo ya siku, anampa kimo na dakika. Akishuka, anapiga tena: "Nimetua, abiria wote salama." Mwaka mzima hawakukosea hata mara moja. Mke wa Kenchi alikuwa akimwambia wifi yake kwamba nyumba hii siku hizi mtu haongei na mkewe, anaongea na mnara.

Na alichokuwa akirushia ni hiki: alitaka picha ya kila paa alilowahi kuliezeka. Aliyaandika kwenye daftari, yakafika sitini na moja. Kufikia siku tunayoisimulia alikuwa amepiga hamsini na nane, na kila moja alilikagua kama mzazi anayekagua kucha za mtoto. Mengi yalikuwa yanadai rangi. Mawili alijifanya hayafahamu.

La hamsini na tisa lilikuwa ukumbi wa chuo cha ufundi, paa lake la kwanza akiwa fundi mkuu. Lilimsumbua. Ukumbi ule umezungukwa na ukuta, miti na maghorofa. Akirusha kutoka barabarani, droni ikizunguka nyuma ya maghorofa inapoteza mawasiliano na kurudi yenyewe kama mbwa aliyeitwa chakula. Jumamosi asubuhi akasimama chini ya ghorofa la jirani lenye sakafu sita, akalitazama, akalitazama goti lake. Juu kabisa palikuwa pametandazwa zege, wapangaji wanaanika nguo.

Paa lisilo na bati, alijiambia, ni sakafu iliyokosa dari tu. Akapanda. Kila ghorofa goti lilitoa maoni yake. Alipofika juu, jasho linamtiririka, alikuta mama mmoja anaanika mashuka.

"Baba, hilo lidudu lisije likaniibia shuka."

"Halili pamba, mama," alisema Kenchi, akapiga simu.

"Mnara, mnara, huyu ni Kenchi."

"Sema Kenchi, lakini sema haraka." Sauti ya Redio ilikuwa ya mtu mwenye kitabu mapajani. Jumatatu alikuwa na usaili wa kuingia darasa la waongozaji. Mtihani wa kuandika alikwishaushinda. Darasa hufunguliwa kila baada ya miaka miwili, na hawachukui mtu aliyepita miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa na thelathini na minne na ushee. Ilikuwa sasa au basi, na ukoo mzima ulijua. "Uko wapi?"

"Maghorofa ya nyuma ya chuo."

"Umesimama wapi hasa?"

Kenchi akatazama miguu yake juu ya zege. Akaona jinsi mdogo wake atakavyofoka: goti, daktari, umri, mama yetu angekuwa hai. Atafoka nusu saa na kitabu kitakuwa kimefungwa.

"Mahali pa wazi tu, mdogo wangu. Hata mti hakuna."

Kila neno lilikuwa kweli. Ukweli ulikuwa mzima, ila umekatwa miguu.

"Haya. Hapo mwisho mita thelathini, usizidishe hata moja. Helikopta ya hospitali ikishuka hupitia upande huo. Dakika kumi, halafu niambie umetua."

"Thelathini. Nimesikia."

Na alisikia kweli, hilo ndilo linalouma. Kenchi hakuwa mtu wa kuchezea vipimo. Lakini fundi paa huanza kupima pale ukuta unapoishia. Kilicho chini ni kazi ya mwashi, na kama mwashi alikosea, shauri yake. Katika maisha yake yote ya kazi Kenchi hakuwahi kupima kitu kuanzia ardhini. Nayo droni, kwa bahati mbaya, ina akili ya fundi paa: inahesabu kuanzia pale iliporukia. Aliiweka kwenye zege, kioo kikaandika sifuri. Akaipandisha hadi ishirini na nane, akaacha mita mbili za heshima. Hakukumbuka kwamba chini ya ile sifuri kuna sakafu sita za watu wanaokunywa chai.

Paa la ukumbi likajitokeza kwenye kioo, jekundu lililopauka, mistari imenyooka. Miaka ishirini na tatu na hakuna bati lililoinua sikio. Kenchi alimwita mama wa mashuka aje aone.

"Zuri," alisema yule mama kwa adabu. "Ni bati, siyo?"

Ndipo wakasikia helikopta. Kenchi alianza kushusha papo hapo, kama alivyoagizwa. Lakini helikopta ilikwishachomoza upande wa chuo, na rubani aliona kitu kinaelea mbele yake mahali ambapo hakupaswa kuona kitu. Ikainua pua, ikageuka kwa kelele iliyopeperusha mashuka, ikaondoka.

"Imesahau nini?" aliuliza yule mama.

Kenchi aliishusha droni hadi kwenye zege. Simu ikalia.

"Kaka." Hapakuwa na mnara wala Kenchi. "Helikopta imerudi uwanjani. Rubani ameripoti droni nyuma ya chuo, karibu mita hamsini. Uko wapi?"

"Ilisoma ishirini na nane, Redio, naapa. Rekodi bado ninayo hapa kwenye kioo."

"Sikuulizi inasoma ngapi. Uko wapi?"

"Juu," alisema Kenchi. "Niko juu ya ghorofa."

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake sauti za watu mnarani. Kisha simu ikakatwa.

Mgonjwa ndani ya helikopta alikuwa mtu aliyevunjika paja kwenye ajali ya barabarani. Walimteremsha uwanjani, wakampeleka hospitali kwa gari, akafanyiwa upasuaji, akapona. Kwa hilo Kenchi alimshukuru Mungu kila siku. Lakini ripoti ilikwishaandikwa, mlinzi wa maghorofa alikwishanakili namba iliyobandikwa kwenye tumbo la droni, na namba ile ilipotafutwa ilitoa jina la mwenyewe: karani wa mnara, mtu anayezijua sheria za anga kuliko sala zake. Jumatatu asubuhi Redio aliambiwa asije kwenye usaili hadi jambo lake liishe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Kenchi alifika akiwa mtu mzima, amevaa tai. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, mtu mpole mwenye miwani, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makofi.

"Mzee, hizo mita thelathini ulizihesabu kuanzia wapi?"

"Kuanzia juu ya paa."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine akaandika kitu kirefu.

"Mdogo wako alikuuliza umesimama wapi?"

"Aliniuliza. Mara mbili."

"Ukamjibu?"

"Nilimjibu mahali pa wazi. Nilimficha. Amenikataza kupanda tangu niumie goti. Yeye hana kosa hata chembe, bwana mkubwa. Mpeni usaili wake. Mimi nifungeni, nitozeni, nipigeni marufuku, nifanyeni mtakavyo."

"Hatuko hapa kumfunga mtu," alisema yule wa tai. "Tunataka kujua tu."

Walijua baada ya wiki tatu. Barua ilisema karani hakuhusika, na kwamba alifuata utaratibu kwa taarifa alizopewa. Ilikuwa barua nzuri sana. Darasa lilikuwa limekwishajaa na kuanza wiki moja kabla haijafika.

Redio alikuja nyumbani siku ya mapumziko yake, na karatasi mkononi. Alimsalimia wifi yake, wakaulizana watoto, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kile wanachokalia wageni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Tangu lini? Huyu hakuwahi kumwamkia bila kuunganisha utani.

"Nafuta usajili. Inabidi nawe utie sahihi kama mtumiaji."

Kenchi alivaa miwani. Alikuwa ameandaa maneno tangu siku ya kamati, lakini yalikuwa maneno ya mtu atakayekaripiwa, na hakuna aliyemkaripia.

"Ungenifokea tu," alisema.

"Nikufokee ili iweje?"

"Redio, ningekuambia niko juu ungenikataza."

"Ningekukataza." Alisema bila kupandisha sauti. "Ungenuna. Ungeshuka. Tungekuwa hatuongei mpaka Jumanne. Na Jumatatu ningekwenda kwenye usaili."

Mke wa Kenchi, aliyekuwa anamimina chai, aliweka birika chini polepole na kutoka kwenda uani bila sababu.

"Darasa jingine?"

"Nitakuwa nimepitiliza kwa mwaka na miezi minane. Nimeuliza. Nimeandika na barua." Akasogeza karatasi. "Hapa, sababu ya kufuta. Chagua moja."

Zilikuwa tatu: imeuzwa, imepotea, imeharibika. Kenchi alizisoma mara mbili akitafuta ya nne.

"Haipo ya kwangu."

"Weka imeharibika."

"Haijaharibika. Ipo kabatini, nzima."

"Kaka, ni fomu tu. Nani atakuja kuikagua? Weka, nina zamu saa nane."

Kenchi alishika kalamu, akaishikilia juu ya kile kisanduku kidogo, akaiweka chini. Aliinuka, akachechemea hadi kabatini, akarudi na boksi pamoja na nyundo yake ya paa, ile yenye ukucha wa kung'olea misumari. Akaiweka droni juu ya sakafu ya saruji.

"Kaka, unafanya nini?"

Pigo la kwanza lilivunja bawa. La pili likaingia tumboni. Alipiga kama anavyopiga msumari, bila hasira, jicho kwenye shabaha, mpaka kile kitu kikabaki sahani kweli, iliyovunjika. Kisha akarudi mezani anahema, akatia alama kwenye imeharibika, akaandika tarehe na kuweka sahihi.

Redio alitazama vipande sakafuni.

"Bawa moja lingetosha," alisema.

"Wala sikujua lipi."

Kitu kilipita usoni kwa Redio, pengine kicheko kilichokosa njia. Aliikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akanywa chai yote akiwa wima, kama mtu anayemaliza dozi.

"Goti likande na maji ya moto," alisema mlangoni. "Nimeona unavyokwenda."

"Utakuja Jumapili?"

"Nitaangalia ratiba."

Zamani angesema ratiba imesemaje kabla hajaulizwa. Kenchi alimsikiliza akiagana na wifi yake kule uani, kwa sauti ya chini, maneno machache. Mkewe aliporudi na ufagio alimkuta amekaa sakafuni, mguu mbovu ameunyoosha, anaokota skrubu moja moja na kuziweka kiganjani.

"Niachie nifagie, baba watoto."

"Usiziguse," alisema. "Nitaokota mwenyewe."