Jeneza Fupi

Mama Kimya alikuwa ameosha maiti miaka kumi na tisa katika mochwari ya hospitali, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi hiyo alikuwa na la kusema.

Jeneza lilikuwa fupi. Lilikuwa na nakshi, vishikio vya shaba na kioo cha usoni, lakini marehemu, dereva mstaafu wa malori, alikuwa mrefu mno, na miguu yake ilibaki nje kuanzia vifundoni. Mwanawe mkubwa alilichagua dukani bila hata kuja kumtazama baba yake. Zamani, Mama Kimya alipoanza kazi, seremala alikuja mwenyewe na uzi, akampima maiti toka utosini hadi kisiginoni mbele ya ndugu, na uzi ule ukazikwa naye. Siku hizi watu wanakisia kwa simu.

Mwana alisema wageni wameshafika na msafara unasubiri. Alisikia kwamba kwingine huwa wanavunja kidogo hapo magotini, wala hakuna anayejua. Msimamizi wa mochwari, mikono mfukoni, akaunga mkono: wamalizane upesi.

"Kuvunja kidogo ndiyo kuvunja vipi, baba?" Mama Kimya aliuliza.

"Mama, si hasikii tena huyu."

 Mama Kimya akachukua jozi mpya ya glavu, akamwekea mwana mkononi.

"Haya. Miguu hii ndiyo iliyokusomesha. Ivunje mwenyewe, mimi nitakushikia shuka."

Msimamizi akaanza kufoka. Mama Kimya hakumgeukia. Mwana alivaa glavu, labda kwa kiburi tu, akashika mguu wa kushoto wa baba yake. Kisigino kilikuwa na mipasuko, na unyayo ulikuwa na sugu ya miaka ya kukanyaga klachi. Aliushika muda mrefu. Kisha akaurudisha taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akatoka kumtafuta seremala.

Wageni walikaa juani saa tatu nzima. Jeneza la pili lilikuwa la mbao tupu. Dereva alilala humo amenyooka, na nafasi ya vidole vinne ikabaki miguuni.

Jioni msimamizi alimwandikia Mama Kimya barua ya onyo. Aliisoma amesimama, akatia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, akarudi ndani kumwosha mwingine.