Maua Niliyoyaita Wanyonyaji

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi mke wangu anauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, katika kijiji chetu kipya cha ujamaa upande wa Ikungi. Suruali yangu ilikuwa pana chini, inafagia njia, na mimi nilijiona nimemaliza kujua.

Shule ilikuwa na shamba la maboga. Mvua ilikuwa haba mwaka ule, mtama umekauka, na maboga hayo ndiyo tuliyoyategemea kwa chakula cha mchana cha watoto. Nikapita shambani, mikono nyuma. Nikaona maua mengine yana kiboga kidogo chini yake, na mengine yamesimama tu juu ya kikonyo, hayana kitu. Kitabuni mwangu lilichorwa ua moja tu, lina viungo vyote. Haya mengine nikayahukumu papo hapo. Mkutanoni nikasema, "Ndugu zangu, haya ni maua wanyonyaji! Yanakula jasho la wenzao na hayazai. Yang'olewe yote, hata machanga!"

Nilipigiwa makofi. Bibi Zaituni, aliyelima maboga tangu sijazaliwa, akanisogelea. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Hayo sisi tunachuma machache ya mboga, mengine tunayaacha."

"Mnayaacha kwa nini, bibi?"

"Ndivyo tulivyokuta."

Nikamcheka, mwanangu, watu wote wakiona. Nikamwambia hiyo siyo sayansi. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Kila asubuhi watoto wakawa wanang'oa wanyonyaji huku wakiimba. Baada ya siku kadhaa viboga vikaanza kugeuka njano na kuanguka, vingali vidogo kama yai. Nikasema ni jua. Halafu nikasema ni udongo. Mwenyekiti wa kijiji alipoanza kunitazama sana, namshukuru Mungu, ikaja barua: walimu wa sayansi tukutane wiki nzima karibu na msitu wa Mgori, tujifunze mazingira kwa vitendo.

Mkufunzi wetu alikuwa mtu mfupi, mkali, na siku ya kwanza tu alitunyang'anya vitabu. Kila mmoja akapewa kamba na kipande cha shamba: zungushia kamba, kaa chini, andika unachokiona kwa macho yako. Mimi nikaangukia mashina ya maboga. Saa nzima nikawa nimeandika neno moja, "mchwa", nalo nikalifuta, maana walikuwa sisimizi.

Ndipo nikamwona nyuki akitoka ndani ya ua lisilo na kiboga, mwili mzima umejaa unga wa njano kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Akaruka moja kwa moja hadi kwenye ua lenye kiboga, akajipangusa humo. Akaja mwingine, naye hivyo hivyo. Nikayakumbuka yale tuliyoyang'oa.

"Mama yangu! Nimewamaliza!"

Mkufunzi akaja mbio. "Umewamaliza nani, mwalimu?"

"Akina baba!"

Wenzangu walicheka hadi wengine wakakanyaga kamba zao. Nilipomweleza mkufunzi, yeye hakucheka. Alisema nikiondoka kabla ya wiki kuisha, cheti sitapata. Nilikitamani cheti kile, mwanangu, usinione hivi. Lakini kule nyumbani watoto wangeamka kesho na kung'oa tena, kwa amri yangu. Nikapanda baiskeli.

Asubuhi nikasimama mbele ya kijiji, mavumbi hadi kwenye kope, nikasema yote. Mwenyekiti akakuna kichwa. "Kwa hiyo, mwalimu, tumefukuza waume shamba zima, halafu tunashangaa wake hawazai?" Akina mama wakacheka hadi wakakaa chini. Hadi leo wapo wazee wanaoniita Mwalimu Mnyonyaji.

Bibi Zaituni ndiye ambaye hakucheka. Alisema taratibu, "Kwangu, nyuma ya nyumba, sikung'oa hata moja. Niliona aibu kukubishia tena." Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko chote. Nikamwomba radhi palepale, wote wakisikia, kisha nikamwomba maua yake.

Akatoa. Kila alfajiri watoto wakawa wanayabeba kwenye ungo hadi shambani, na yeye mbele, akiwaonyesha ua gani limefunguka na lipi bado. Tukayapangusa ua kwa ua, kwa mikono yetu, mwalimu mzima nimepiga magoti nafanya kazi ya nyuki. Maboga hayakuwa makubwa, wala hayakuwa mengi. Lakini watoto walikula.

Sasa wewe unakwenda kufundisha, mwanangu. Kabla hujasema kitu hakina faida, kaa nacho kwanza, ukitazame hadi uchoke. Mtu akikwambia "ndivyo tulivyokuta", usimcheke. Mwombe akupeleke shambani kwake. Na ukikosea, rudi siku hiyo hiyo ukaseme, hata kama wiki haijaisha na cheti kinabaki.

Mungu akupe macho ya kuona na magoti yasiyoona haya kugusa udongo, na wanafunzi wako wasilale njaa kwa sababu ya kiburi chako. Nenda salama, mwanangu.