Gome Lililoachwa Chini ya Mti

Harufu ya tope linalokauka hunirudisha Haneti, kwenye lambo tulilonyweshea ng'ombe, kiangazi nilipokuwa darasa la sita. Baba hakusoma, lakini alikuwa na mti mrefu wa kupimia maji, aliouchonga alama kumi na tano, zikikaribiana juu, ambako lambo lilikuwa pana, na kuachana kadiri zilivyoshuka. Mti ukisimamishwa majini, kila alama iliyolowa ilikuwa siku nne za kunywesha. Zaidi ya siku sitini haukusema kamwe, kwa kuwa juu ya hapo maji yalifurika. Chini kabisa aliacha kipande chenye gome, bila alama. Mimi, niliyependa mambo yakamilike, niliona alichoka kabla ya kumaliza. Alipokwenda Bahi kutafuta malisho aliniachia mti na agizo moja: alama ya mwisho ikikauka, nimwambie mjomba ahamishe ng'ombe. Siku hiyohiyo nilimenya gome, nikachonga alama tatu zaidi.

Wiki ya pili mjomba, mtu wa utani, aliniuliza, "Haya, mwalimu, mti unasemaje leo?" Alama za baba zote zilikuwa kavu, zangu tatu zimelowa. Nikamjibu siku kumi na mbili. Akasubiri. Siku ya tatu Mabaka, ng'ombe pekee tuliyekuwa tukimkamua, ambaye maziwa yake ndiyo aliyokunywa mdogo wangu wa kiume, alizama topeni hadi tumboni. Mjomba na majirani walimvuta kwa kamba mchana kutwa. Alipotoka mguu ulikuwa umevunjika, akachinjwa. Baba aliporudi hakufoka. Alipitisha kidole kwenye mti.

"Nani amemenya hapa?"

"Mimi, baba."

"Gome nililiacha makusudi. Hapo mti unapima tope."

Sasa naishi Miyuji, na hesabu za sekondari nimejifunza mwenyewe ukubwani, kwa vitabu vilivyokwisha kutumika. Nilipofika kwenye fankisheni, kanuni zinazopokea namba na kutoa nyingine, nilikuta kwamba kila kanuni ina namba inazozikubali, ambazo wanafunzi huziita domeni, na namba inazoweza kuzitoa, renji. Nilikifunga kitabu kwa muda. Baba alikuwa ameyachonga yote mawili: gome lilionyesha pasipopimwa, na alama zilikomea siku sitini. Juzi binti wa mdogo wangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa akifanya zoezi mezani kwangu, na swali la domeni akaliruka. Kalkuleta yake ina haraka kuliko mti wa baba, ila haina gome.

"Shangazi, we weka namba tu, jibu linatoka."

"Hata kwangu lilitoka," nikamwambia. "Kumi na mbili."